Kibao cha Barabarani na Amri ya Tano

Kuna swali ambalo watu hulitaja kwa kucheka, nalo lastahili kujibiwa bila kucheka. Swali ndilo hili: Shofere anayepita mbio mahali pa kazi ya barabara, asijali kibao cha kupunguza mwendo, je, ametenda dhambi? Au amevunja sheria ya serikali tu, na serikali isipomwona mambo yamekwisha?

Wengi hujibu upesi. «Dhambi gani? Sikuiba, sikumpiga mtu, sikumtukana mama wa mtu. Kibao ni kipande cha bati juu ya mti.» Na kweli, ukiwasikiliza wakristu wetu wanapojiandaa kwa kitubio, wataungama hasira, pombe, uzinzi, kukosa Misa. Habari ya usukani haimo. Ni kama mtu anapopanda motokari huiacha dhamiri yake chini pamoja na wale waliomsindikiza.

Tusiwacheke. Zamani hata walimu wengine wa teolojia huko Ulaya walifundisha kwamba ziko sheria za serikali zisizofunga dhamiri: ukizivunja na kukamatwa, lipa faini, usipokamatwa, huna deni mbele ya Mungu. Walifikiri zaidi habari za ushuru, na za kukata kuni katika misitu ya wakubwa. Mashofere wetu hawakusoma vitabu vile, walakini wameyashika mafundisho yale kuliko wanafunzi wa seminari. Wakimwona polisi, wanakwenda kama maandamano ya Ekaristi. Polisi akiisha kupitwa, sheria nayo imepitwa.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuni za mfalme na uhai wa mtu. Mwaka 1965 maaskofu zaidi ya 2000 wa dunia nzima, na maaskofu wa Kongo kati yao, walipokuwa katika Mtaguso wa pili wa Vatikano, waliandika juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo. Humo, katika fungu la 30, walitaka kutoa mfano wa watu wanaodharau maisha ya jamii. Hawakutafuta mfano wa mbali. Walitaja wanaodharau kanuni za afya na wanaodharau sheria za mwendo wa magari, kwamba kwa uzembe huo wanahatarisha maisha yao na ya wenzao. Katekisimu ya Kanisa Katolika ya mwaka 1992, katika nambari 2290, yasema jambo lilo hilo: mwenye kuhatarisha usalama wa watu barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mbio mno ana kosa zito. Tena maneno hayo yamewekwa chini ya Amri ya Mungu ya tano, ile inayokataza kuua. Basi mahali pa dhambi hii pamejulikana. Iko pamoja na kuua, haiko pamoja na ushuru.

Sasa tupatazame mahali penyewe. Siku za kawaida barabara ni ya magari, na mwenye kwenda kwa miguu hushika ukingo. Mahali pa kazi, ukingo wenyewe umechimbwa. Mama anayetoka shambani na mzigo wa mihogo mgongoni, mwanafunzi, mzee anayesukuma kinga iliyobeba makaa, wote wamesukumwa katikati, njia moja na kamio. Mwenye kuendesha katapila haoni vizuri nyuma yake. Akirudi nyuma, mtu aliyeinama na koleo yuko hatarini hata kwa mwenzake mwenyewe. Masikio hayamsaidii, kwa maana makelele ya mashini yamefunika sauti ya motokari inayokuja. Wakati wa kiangazi vumbi linasimama kama moshi wa shamba linalochomwa, na mtu wa bendera haonekani ila ukiisha kumkaribia. Wakati wa mvua magurudumu hayashiki. Juu ya hayo yote, mfanyakazi wa barabara ni mtu aliyegeuza mgongo. Kazi yake yamwinamisha chini. Hawezi kutazama shimo na kutazama magari pamoja. Akipiga sururu, amewakabidhi wapita njia mgongo wake, nao ni watu asiowajua hata jina.

Tuhesabu kidogo. Motokari inayokwenda kilometa 80 kwa saa inapita metri 22 katika sekunde moja. Shofere akiona mtu mbele, sekunde moja hivi yapita kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Metri 22 zimekwisha, na gari halijaanza hata kupunguza. Kisha breki nazo zinadai metri zao. Juu ya lami kavu, na breki nzuri, gari dogo litasimama baada ya metri karibu 60 kwa jumla. Juu ya changarawe iliyomwagwa jana, zaidi. Kamio yenye magunia ya viazi na watu juu ya magunia, zaidi sana. Lakini yule aliyekuwa akienda kilometa 30 kwa saa husimama baada ya metri 14 hivi. Ongeza mwendo mara mbili, na urefu wa kufunga breki waongezeka mara nne. Sheria hii haikutungwa na serikali yoyote, wala hakuna mkubwa wa kuisamehe.

Na yule anayegongwa? Shirika la Afya la Dunia limeandika kwamba mtu wa miguu anayegongwa na gari la kilometa 65 kwa saa yuko katika hatari ya kufa mara 4 na nusu kuliko anayegongwa na gari la kilometa 50. Shirika hilo hilo lilihesabu mwaka 2023 kwamba watu milioni 1 na elfu 190 hivi hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu ni watu wa miguu, wa kinga na wa pikipiki. Ndio wale wale tuliowaona wakisukumwa katikati ya njia.

Shofere atasema: «Ninachelewa.» Haya, tumpe hesabu ya kuchelewa kwake. Kipande cha kazi cha kilometa mbili, ukikipita kwa kilometa 30 kwa saa, ni dakika nne. Ukikipita kwa kilometa 80, ni dakika moja na nusu. Umepata faida ya dakika mbili na nusu. Halafu kwenye barieri utakaa nusu saa ukibishana juu ya karatasi, na mwisho utasimama kunywa chai.

Wengine hudhani kwamba anayelindwa na kibao ni mfanyakazi peke yake. Hapa kuna jambo la kushangaza kutoka Marekani. Huko tangu mwaka 1999 wameweka juma moja kila mwaka, mwezi wa nne, la kuwakumbusha watu wote hatari za mahali pa kazi ya barabara. Wana vibao vingi, taa nyingi, na polisi wa kutosha. Hata hivyo, kila mwaka kuanzia 2019 hadi 2023 watu zaidi ya 800 walikufa mahali pa namna hiyo. Je, ni wafanyakazi? Wengi wao hawakuwa wafanyakazi. Walikuwa mashofere wenyewe na watu waliokaa ndani ya magari. Gari linaloingia mbio penye njia nyembamba hugonga lori lililosimama, au huanguka shimoni. Basi yule mwenye bendera nyekundu, jua lote juu ya kichwa chake, anamlinda shofere kuliko shofere anavyomlinda yeye. Na shofere anampigia honi na kumtukana.

Tukifika hapa twapenda kukaa kidogo juu ya kibao chenyewe, maana watu hawakifikirii sana. Kibao ni nini? Ni neno. Mtu aliyejua hatari aliisema, akaenda zake kufanya kazi, neno lake likabaki limesimama njiani kumngojea mtu asiyemjua. Hamtaonana. Pembe tatu nyekundu na mtu mwenye koleo ndani yake: hata asiyejua kusoma huelewa. Ni kama mzee wa kijiji anayesimama mtoni akisema, «Msivuke hapa, maji ni marefu.» Ukimsikia mzee ukacheka ukavuka, hukudharau mti aliokuwa ameushika mkononi. Ulimdharau mzee.

Lakini neno lina pande mbili. Kama kusikia ni wajibu, kusema kweli ni wajibu pia. Na hapa twawageukia wenye kazi, maana mara nyingi wao ndio waliowafundisha mashofere dharau. Kazi imekwisha tangu miezi mitatu, nyasi zimeota juu ya changarawe, na kibao bado kinapiga kelele: «Watu wako kazini! Kilometa 30!» Shofere anapunguza mara ya kwanza, haoni mtu. Mara ya pili haoni mtu. Mara ya tatu hapunguzi. Siku mtu atakapokuwapo kweli, kibao kimekwisha poteza sauti. Anayeacha kibao cha uongo barabarani amesema uongo mbele ya watu wote wanaopita, mchana na usiku, na uongo wake unaweza kumwua mfanyakazi wa kazi nyingine kabisa, mbali na pale. Wakubwa wa kampuni hawaliungami hili, nasi hatujasikia hotuba iliyolitaja.

Kuna kosa lingine la upande huo, zito zaidi. Mtaro umechimbwa kukata barabara nusu, saa kumi na moja jioni watu wanapiga filimbi na kwenda nyumbani. Hakuna taa, hakuna mapipa yaliyopakwa rangi nyeupe na nyekundu, hakuna mlinzi. Asubuhi wanamkuta mtu wa pikipiki ndani. Kapita anasema: «Alikuwa amelewa.» Labda. Lakini soma kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Sheria ya Musa yasema kwamba mtu akichimba shimo na kuliacha wazi, ng'ombe au punda wa mtu mwingine akaanguka humo, mwenye shimo atalipa. Haiulizi kama ng'ombe alikuwa akitembea vizuri. Na katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba mpya aamriwa kuweka ukingo juu ya dari yake, kusudi damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba ile; maana kule dari ni tambarare, na watu huketi juu yake. Waisraeli walikuwa wachungaji na wakulima, hawakuwa na katapila, tena walifahamu kwamba mwenye kutengeneza kitu kipya anatengeneza pia hatari mpya, na hatari ile ni mali yake kama nyumba ilivyo mali yake.

Kama ndivyo kwa ng'ombe, itakuwaje kwa yule kijana aliyeandikwa kazi ya siku, asubuhi tu, pale pale ukingoni mwa barabara? Amepewa koleo. Hakupewa kofia ngumu wala viatu, wala ile jile ya rangi ya machungwa inayoonekana kutoka mbali. Ukiuliza, kapita atakujibu kwamba jile zilikuwa kumi na zote zimekwisha gawanywa kwa wakubwa. Katika nchi yetu kuna kumbukumbu ndefu ya jambo hili. Reli ya kutoka Matadi kwenda Kinshasa, iliyojengwa miaka 1890 mpaka 1898, iliwaua watu weusi 1800 na wazungu 132 kwa hesabu zilizotolewa na wenye reli wenyewe. Waliobeba mizigo na kuchimba miamba hawakuulizwa maoni yao. Leo mtu anayechimba amekuja kwa mapenzi yake, anapata mshahara, ana nchi yake. Lakini njaa nayo hulazimisha, na mwenye kumpa mtu mwenye njaa kazi ya hatari pasipo kinga hawezi kusema, «Alikubali mwenyewe.»

Turudi kwa shofere. Ametoboa kipande cha kazi kwa mbio, amemgonga mtu, mtu amekufa. Shofere analia kweli. «Sikutaka! Mungu anajua kwamba sikutaka!» Mungu anajua. Je, kutotaka kwatosha? Mtakatifu Tomasi wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alijiuliza swali hili hili juu ya mtu anayeua kwa bahati mbaya. Alijibu kwamba jambo la bahati mbaya kabisa si dhambi, kwa kuwa halimo katika mapenzi ya mtu. Lakini akaongeza: mtu asipoondoa kitu kiletacho kifo, naye alipaswa kukiondoa, au asipoangalia kama inavyopasa, kifo kile chahesabiwa kwa namna fulani kuwa alikitaka. Huyu shofere hakutaka kifo. Alitaka mbio. Na mbio zilikuwa na kifo ndani yake, kama yai lenye kifaranga. Naye alikuwa ameambiwa na kibao, metri mia mbili kabla.

Tena twathubutu kusema neno ambalo wengine hawatalipenda. Yule aliyepita mbio namna ile ile na hakumgonga mtu, sababu mfanyakazi aliruka kando, dhamiri yake haina tofauti na ya yule aliyeua. Mmoja yumo gerezani, mwingine anakunywa bia na kusimulia. Mahakama hutazama damu. Haiwezi kufanya vingine. Mungu hutazama mguu uliokanyaga mafuta.

Baada ya kifo hufuata matanga, na kwenye matanga maneno mengi. Wengine husema: «Saa yake ilikuwa imefika.» Wengine husema polepole: «Kuna mtu katika jamaa. Si bure.» Kisha shangazi mzee anatazamwa kwa jicho baya, na kabla mwezi haujaisha amefukuzwa nyumbani. Maneno yote mawili yana faida moja kwa watu fulani: yanamtoa shofere katika kosa, yanaitoa kampuni katika kosa, yanawatoa wote waliopita mahali pale wakaona mtaro hauna taa na wasiseme neno. Mzigo wote apewe Mungu, au apewe kizee.

Bwana wetu Yezu Kristu aliulizwa habari kama hizi. Katika Evanjili ya Luka, sura ya 13, ameutaja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuwaua watu kumi na wanane huko Yerusalemu. Yawezekana watu walikuwa wakisemezana: «Hao walikuwa na dhambi kubwa.» Yezu alikataa. Hawakuwa wabaya kuliko wengine waliokaa Yerusalemu. Hakumtafuta mchawi kati yao. Akawageukia wasikilizaji, akawaambia habari ya kutubu, wao wenyewe walio hai. Ni vema kuona kwamba hapo msiba wa ukuta ulioanguka unakuwa swali kwa wale waliobaki. Sisi tungependa uwe swali juu ya marehemu.

Kuna udhuru mwingine unaosikika sana, nao una ukweli ndani yake, kwa hiyo usidharauliwe. Watu husema: «Twalipa kwenye barieri kila siku. Sheria ya mwaka 2008 iliunda mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Mbona mashimo ni yale yale? Franga zetu zimekwenda wapi? Wao hawatuheshimu, kwa nini sisi tuheshimu vibao vyao?» Hasira hii ina haki. Mwenye kula fedha ya barabara ameiba, na wizi wake nao huua. Aulizwe, aandikiwe, ashtakiwe. Lakini tazama hasira hiyo inamwangukia nani. Mwenye kula fedha anapita ndani ya gari lenye vioo vyeusi, au amepanda ndege. Aliye mbele ya magurudumu yako ni mtu wa koleo, ambaye pengine hajalipwa mwezi wa pili huu, kwa sababu ya yule yule unayemkasirikia. Mnadaiana na mtu mmoja, ninyi wawili, na wewe unataka kumkanyaga mdai mwenzako.

Na abiria je? Twaona watu wanadhani kwamba anayeketi nyuma hana dhambi wala sifa. Lakini katika basi kuna sauti. Kuna mwenye kupaza: «Shofere, ongeza! Unatulaza!» Huyo ameshika usukani kwa ulimi wake. Kuna watu ishirini walionyamaza, nao wameogopa kuliko kufa kuitwa waoga. Twakumbuka kwamba akina mama ndio wenye ushujaa hapa. Mara nyingi ni mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anayesimama na kusema, «Baba, punguza, watoto wetu bado wanatungoja nyumbani,» na wanaume wote, waliokuwa wamenyamaza, wanaanza ghafula kusema, «Ndiyo, ndiyo, mama anasema kweli.» Shofere hupunguza. Sauti moja yatosha, lakini lazima mtu aitoe ya kwanza.

Sasa kuna jambo la ujinga, kwa maana ya kutojua. Walimu wa maadili hutofautisha kutojua ambako mtu hawezi kukuondoa na kule ambako angeweza. Tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 2010, huko Sange, katika bonde la Ruzizi, juu ya barabara ya Uvira, lori la petroli lilianguka. Petroli ikamwagika. Watu wa mji wakakaribia, wengine na vyombo vya kuchota, wengine kutazama tu. Karibu na hapo wengi walikuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukashika. Watu zaidi ya 230 wakafa. Nani atathubutu kuwahukumu? Wengi wao walikuwa watoto. Hawakujua kwamba hewa ya petroli yenyewe huwaka, mbali na petroli, hata kwa cheche ndogo. Swali letu si juu yao. Ni juu ya waliojua: waliosoma, wenye magari, wenye redio, walimu, na sisi wenye kuandika katika magazeti. Mwenye kujua hatari ana deni kwa asiyejua, na deni hilo halingoji msiba.

Kwa hiyo si kazi ya polisi peke yake kuwaeleza watu habari za vibao. Watoto wa darasa la kwanza hujifunza herufi A kwa miezi. Pembe tatu nyekundu yaweza kufundishwa kwa robo saa, na bendera mbili kwa robo saa nyingine: nyekundu simama, ya majani pita. Watoto hupenda sana mashini. Katapila likifika, kijiji chote cha watoto kiko nyuma yake, na wadada wameweka mabeseni ya mandazi na karanga pale pale wafanyakazi wanapopumzika, ndani ya njia ya magari. Katekista anayewakusanya watoto hao siku ya kwanza, pamoja na kapita, na kuwaonyesha mahali pa kusimama na mahali pasipofaa, amefanya kazi ya kiroho kamili. Asiombe ruhusa kwa padri. Na wale akina mama wapewe upande wao wa kuuzia, wasifukuzwe tu, maana watarudi: wafanyakazi wana njaa na wao wana watoto.

Yabaki maneno ya wizi. Vibao huibwa. Bati hutengenezwa karai, nguzo ya chuma hufanya mlango, pipa huenda kwenye pombe, na boliti za daraja huuzwa kwa kilo. Mwizi hujitetea kwamba ni kitu kidogo, cha serikali tena. Katika wizi wa kawaida twapima uzito wa dhambi kwa thamani ya kitu. Kuku mmoja wa tajiri si sawa na mbuzi wa pekee wa mjane. Lakini kibao hakipimwi kwa bei ya bati. Mwenye kung'oa kibao mbele ya mtaro amemnyamazisha yule mzee wa mtoni. Akijua hivyo, amechukua zaidi ya bati, na kurudisha bei ya bati hakumalizi deni lake. Arudishe kibao chenyewe, mahali pake, upesi kabla ya usiku. Ikiwa mtu amekwisha anguka, ana deni kwa mjane na kwa watoto. Mapadri wanaoungamisha wanajua jinsi ilivyo ngumu kumwambia mtu hivyo, maana alikuja na dhambi ya bati.

Ndugu zetu wa makamio wana desturi mbili, moja njema na moja mbaya, na mara nyingi mtu mmoja huzifanya zote mbili katika saa moja. Kamio ikiharibika njiani, boi-shofere hukata matawi na kuyatandaza barabarani, nyuma na mbele, mbali kidogo, ili wanaokuja wajue. Hakuna aliyewalazimisha, hiki ni kibao cha maskini, na kila mtu kutoka Kasenga mpaka Bunia hukisoma. Kisha huweka mawe makubwa chini ya magurudumu, kamio isirudi nyuma. Kazi ikiisha, wanapanda, wanapiga honi, wanakwenda. Matawi yamebaki na kunyauka, yakisema uongo. Mawe yamebaki katikati ya njia, na usiku mtu wa pikipiki anayaona akiwa juu yake. Kuondoa mawe yale ni kazi ya dakika moja. Je, atakayepita nyuma akayaona, asiyayaondoe, akisema si yake, naye ana kosa? Twaona kwamba anayo sehemu, ndogo kuliko ya aliyeyaweka, lakini sehemu. Shimo la kitabu cha Kutoka lilikuwa na mwenyewe aliyejulikana. Jiwe la barabarani, mwenyewe akiisha kwenda, ni la yeyote aliyeliona.

Msomaji anaweza kuuliza jambo la mwisho: shofere aliyegonga usiku taa au pipa la mahali pa kazi, akaliangusha, hakuna aliyemwona, mlinzi amelala, afanye nini? Asingoje asubuhi aende kumlipa kapita, ingawa kulipa atalipa. Usiku ule ule asimame, aliinue pipa, airudishe taa kama bado yawaka. Kama haiwaki, amwamshe mlinzi. Kama mlinzi hayupo, akate matawi ayatandaze, aache taa za gari lake zikiwaka kuelekea mtaro, na akae pale mpaka mtu mwingine afike wa kushika zamu.